Jumbe Aliyepiga Marufuku Usingizi

Paukwa!

*Pakawa!*

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu wa njaa? Paukwa!

*Pakawaaa!*

Kiliondoka kisa.

*Kikakaa wapi?*

Kikakaa masikioni.

*Kitalala lini?*

Kikishasemwa chote.

*Kiseme basi, tunasikia!*

Hapo zamani, zamani hasa, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino, palikuwa na mji juu ya kilima ukiitwa Kwemvule. Mji wa mahindi, mji wa migomba, mji wa watu wa kazi. Na katika mji huo palikuwa na mwanamke jina lake Semeni. Jina lilimkaa sawasawa. Mtu akiwa na shauri zito, hulipeleka kwa Semeni alisemee. Mtu akiwa na kicheko, hukipeleka kwa Semeni akinogeshe. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na akili yake ilitangulia ulimi.

Semeni alikuwa na mume, Kibwana, mlinzi wa mashamba. Walikuwa na mtoto mchanga ambaye bado hajakaza shingo. Na alikuwa na binamu yake, mtoto wa mjomba wake, ambaye ndiye jumbe wa mji. Huyo aliitwa Mbwego.

Sasa nyinyi mnajua mambo ya binamu. Binamu ni mtani wako. Utamwita mwizi akacheka. Utamwambia ana miguu ya korongo, naye atakwambia una kichwa cha boga, kisha mtakula sahani moja. Semeni na Mbwego walitaniana hivyo tangu wakiwa watoto wanaochunga mbuzi pamoja.

Mbwego hakuzaliwa kitini. Alikuwa mkulima. Akiamka na jogoo, anashika jembe. Jua likipanda, yuko shambani. Jua likishuka, yuko njiani anarudi, jasho linamtoka. Anakula ugali wake na mlenda, anapiga soga kidogo na mkewe, Bi Mashavu, kisha anaanguka kitandani. Na akianguka, ameanguka. Siku moja, ukitaka kujua, paa la nyumba yake liliezuliwa na upepo yeye amelala. Asubuhi akauliza mbona nyota zimeingia ndani.

Mnacheka? Ngojeni.

Jumbe wa zamani alipofariki, wazee walimjia Mbwego, mpwa wake, na kiti na fimbo. Jembe akaliweka. Kofia ya ukindu akaivua. Kiti akakikalia. Kuanzia hapo mambo yakageuka.

Mkulima hana muda wa kukaa, lakini jumbe kazi yake kukaa. Akaletewa kahawa ya asubuhi, akanywa. Akaletewa kahawa ya adhuhuri, akanywa. Magharibi ikaingia, kahawa ikaja tena, chungu, nyeusi, yenye tangawizi, akanywa. Baada ya chakula cha mchana kiwiliwili kikawa kizito, akajinyoosha, akalala hadi alasiri imekufa. Usiku wakaja wacheza bao. Na kwa kuwa jumbe amechoka kukaa kwenye kiti, bao likapelekwa kitandani. Taa zikawashwa. Wenye kesi wakaja pia, wakakaa ukingoni mwa kitanda wakigombania mipaka na mbuzi. Pilau ikaletwa watu wengine wakiwa wameshasahau kuwa walikula.

Kisha wote wakiondoka, Jumbe anazima taa, anafumba macho. Usingizi hauji.

Anageuka upande wa kulia, hauji. Anageuka upande wa kushoto, hauji. Analala chali anatazama dari, nao haupo hata mlangoni.

Mwanzoni alinuna tu. Baadaye akawa mkali. Kesi ya kuku akaihukumu kama kesi ya mauaji. Macho yakawa mekundu, mikono ikawa inatetemeka, na watu wakaanza kupita njia ya nyuma wasikutane naye. Akatangaza kuwa mtu atakayemrudishia usingizi wake atapewa shamba la mtoni, lile lenye maji mwaka mzima.

Akaja mganga wa kwanza na dawa chungu ya mizizi. Jumbe akanywa, akatapika hadi alfajiri. Akaja wa pili, mpiga zeze, akasema zeze lake humlaza hata nyati. Akapiga vizuri mno. Jumbe akakaa macho kusikiliza, akamwomba arudie. Akaja wa tatu na kibuyu cha pombe ya miwa. Hiyo ilimlaza kweli, gogo kabisa, halafu ikamwamsha kabla ya nusu ya usiku na kichwa kikimpasuka. Wote watatu wakafukuzwa mjini.

Basi hasira ikamwingia Jumbe, nayo ikazaa wivu. Kila akikaa macho gizani, anasikia mji mzima unakoroma. Huyu anakoroma kama chura. Yule anakoroma kama msumeno. Akaona hao wamemwibia haki yake. Asubuhi akaita mpiga ngoma, akatoa amri: kuanzia leo, usiku, maadamu Jumbe yu macho, ngoma ipigwe katikati ya mji. Jumbe halali, basi hakuna wa kulala. Usingizi umepigwa marufuku Kwemvule.

Haya, niambieni nyinyi mliokaa hapo: usingizi unapigwa marufuku?

*Haupigwi!*

Ulipigwa. Ngoma ikalia. Watoto wakalia nayo. Mama mmoja akatia chumvi kwenye uji na sukari kwenye mboga. Fundi seremala akapigilia kanzu yake kwenye mlango. Mwalimu wa chuo akasinzia katikati ya aya, na wanafunzi wote wakasinzia naye. Hayo yalichekesha. Lakini likaja lisilochekesha.

Kibwana, mume wa Semeni, alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa refu la miti ambalo mlinzi hukaa kufukuza nyani. Ilikuwa mchana kweupe. Nyani wakaja. Kibwana akainuka awatupie mawe, na kwa kuwa hakuwa amelala kwa muda mrefu, dunia ikamzunguka. Akaanguka kutoka juu hadi chini. Walipomleta nyumbani, mkono wake ulikuwa umevunjika mahali pawili, na nyani walikuwa wamekula nusu ya mahindi.

Semeni alimkabidhi mtoto kwa jirani, akakaa chini akimtazama fundi wa mifupa akiufunga ule mkono gango la vijiti. Hakulia. Tangu azaliwe hakuna aliyemwona Semeni amenyamaza muda mrefu namna ile. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akapanda njia ya kwenda kwa Jumbe.

Alikwenda kugombana, nisiwafiche. Maneno aliyoyabeba yangeweza kuunguza nyasi. Lakini alipofika ukumbini alimkuta Bi Mashavu, ambaye alimnong'oneza asubiri, Jumbe amelala.

Semeni akauliza, amelala?

Bi Mashavu akasema ndiyo, mchana hulala kidogo.

Semeni akachungulia. Akamwona binamu yake amejinyoosha, jua la alasiri liko juu, anakoroma. Akaona kitanda: huku ubao wa bao na kete zake, huku sahani yenye mabaki ya pilau, huku mitungo ya tambuu, huku fimbo ya hukumu. Akaona birika la kahawa kwenye mkaa, na vikombe vimepangwa tayari kwa jioni. Akasimama pale akakumbuka yule mkulima aliyeuliza mbona nyota zimeingia ndani ya nyumba. Akakitazama kitanda. Akalitazama birika. Akamtazama Jumbe.

Maneno ya kuunguza nyasi akayameza. Akamuuliza Bi Mashavu maswali machache: anakula saa ngapi, anaamka saa ngapi, wageni wanaondoka lini. Bi Mashavu akajibu kila kitu kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. Kisha Semeni akarudi nyumbani, na njiani, mumewe akiwa amevunjika mkono na shamba limeliwa, akaanza kucheka peke yake.

Kwa nini? Kwa sababu alimjua Mbwego. Ukimwambia Mbwego amekosea, atakufukuza. Ukimwomba, atakataa. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwahi kukichezea tangu akalie kiti, nacho ni sheria. Jumbe wa Kwemvule akishagonga fimbo chini mara tatu, hukumu hairudi, hata kama imemwangukia mama yake mzazi. Ndivyo mjomba wake alivyohukumu, na ndivyo yeye alivyoapa.

Siku ya baraza, watu wakajaa, macho mekundu, miayo haina adabu. Semeni akasimama katikati.

"Jumbe," akasema, "nimekuja kumsemea mtu aliyedhulumiwa. Mwenyewe ana haya, hawezi kusimama mbele ya watu."

Jumbe akamwambia aseme.

Semeni akasimulia. Palikuwa na mgeni mmoja mpole, akasema, ambaye alikuwa akimtembelea mwenyeji mmoja jioni zote, tangu mwenyeji huyo ni mtoto. Hakuomba chakula. Hakuomba godoro. Na kila alipokuja alileta zawadi, na zawadi yake ilikuwa nguvu za kesho. Lakini mwenyeji akapata cheo, na cheo kikambadilisha. Mgeni akaja jioni ya kwanza, akakuta mwenyeji amekula fungu la wote wawili tangu mchana, hana tena hamu naye. Akaja jioni ya pili, akakuta mbwa weusi wamefungwa mlangoni, wakali, wanamzuia kupita. Akaja jioni ya tatu, akajitahidi akapenya, akakuta mahali pake pa kukaa pamejaa watu, sahani, taa na ugomvi. Akakosa pa kuweka hata ubavu. Akaondoka.

Baraza likaguna. Kule nyuma bibi mmoja akasema kwa huzuni kuwa wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa huyu atapona vipi?

"Na hayo si yote," akasema Semeni. "Mgeni alipoacha kuja, mwenyeji akaona ameonewa yeye. Akapiga marufuku majirani wote wasimpokee mgeni huyo majumbani mwao. Anasimamisha watu wa kumfukuza."

Jumbe Mbwego akawaka. Yeye aliyelelewa kwenye nyumba ambamo mgeni hupewa mkeka mzuri kuliko wa baba mwenye nyumba. Akasema mwenyeji huyo hana utu. Akainuka na fimbo mkononi, akahukumu, na sauti yake ilifika bondeni. Mwenyeji huyo aondoe mbwa wake. Asile tena fungu la mgeni mchana. Asafishe mahali pa mgeni, pawe pake peke yake, pasitiwe kitu kingine. Na kila jioni, wakati ule ule, amngoje kwa unyenyekevu bila kumlaumu, hata akichelewa, mpaka mgeni aridhike. Na ile marufuku ya majirani ife leo hii.

Akagonga fimbo. Ti! Akagonga. Ti! Akagonga. Ti!

"Na sasa," akasema, "mwenyeji huyo aletwe mbele yangu."

Semeni akainamisha kichwa kwa heshima.

"Ameshaletwa, Jumbe. Ndiye anayekalia kiti chako. Na mgeni ni usingizi wako."

Jamani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Jumbe alisimama na fimbo yake, mdomo wazi. Uso ukawa mweusi, ukawa mwekundu, ukarudi mweusi. Wazee wakatazama vidole vya miguu yao. Semeni alijua akikosea hapa, yeye na Kibwana na mtoto watalala porini.

Jumbe akakaa taratibu. Akauliza kwa sauti ndogo hao mbwa weusi ni akina nani.

Semeni akamwambia mmoja ni kahawa ya adhuhuri, mwingine ni kahawa ya magharibi, na huyo wa pili ndiye anayeng'ata.

Halafu Jumbe akasema fimbo imeshagongwa, naye hatakuwa jumbe wa kwanza kuvunja hukumu yake mwenyewe. Ataitii. Lakini na yeye anaweka lake. Ukiandama mwezi mpya na usingizi haujarudi, Semeni atabeba mume na mtoto, atoke Kwemvule, asirudi.

Semeni akakubali. Angefanyaje? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jioni ile ngoma haikulia. Mji mzima ulilala. Wote isipokuwa watu wawili: Jumbe kitandani kwake, na Semeni kwake, akihesabu vyungu atakavyoweza kubeba.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. Mnadhani Jumbe aliacha kahawa leo, akalala kesho? Mazoea yana taabu. Birika lilipoondolewa, kichwa kilimuuma kana kwamba mtu anatwanga ndani yake. Alinuna, akagomba, akamtukana jogoo. Bi Mashavu alimruhusu kikombe kimoja tu cha asubuhi, basi. Baada ya hapo ni maji, na maziwa ya mbuzi.

Baada ya chakula cha mchana, macho yalipoanza kulegea, Semeni alitokea mlangoni na jembe begani, mtoto mgongoni.

"Inuka, binamu, miguu yako ya korongo imeota mizizi. Shamba la Kibwana limeliwa na nyani, na mwenye shamba hana mkono."

Hapo ndipo Jumbe alipouliza kwa mara ya kwanza Kibwana aliangukaje. Semeni akamweleza yote, pole pole, bila kutania. Jumbe alivua kanzu, akachukua jembe, akateremka naye shambani. Watu waliokuwa njiani walisimama kando wakimwangalia jumbe wao anakwenda kulima shamba la mlinzi.

Akalima siku ile viganja vikachubuka. Akarudi kesho yake. Akarudi na kesho yake tena, na mara hii alikwenda mwenyewe, asubuhi, bila kuitwa, jua likimpiga usoni. Mahindi mapya yakapandwa.

Kitandani nako kulifagiliwa. Bao likahamishiwa chini ya mti wa nje, na likawa linakwisha jua likitua. Kesi zikarudi barazani. Taa ikabaki moja ndogo, nayo inazimwa mapema. Pilau ya usiku ikafa. Wakala mlo mwepesi, giza halijaingia bado. Kitanda kikabaki kitanda.

Lakini usingizi ulikuja kwa kuchungulia tu. Unakuja, unakaa kidogo, unakimbia. Bi Mashavu aligundua kinachoufukuza: mumewe akilala, kesi za kesho zinamjia kichwani zikipiga kelele kuliko wacheza bao. Basi yule mama akatafuta dawa yake mwenyewe. Kila jioni kabla ya kulala akamkalisha mumewe kizingitini, akamwambia ayatoe yote yanayomsumbua, moja baada ya jingine, naye anasikiliza. Wakimaliza wanainuka, mambo yanaachwa pale kizingitini, watayakuta asubuhi. Na kama amelala kitandani usingizi umegoma, asipigane nao. Aamke, akae kwenye kigoda gizani, kimya, mpaka kope ziwe nzito ndipo arudi. Na jogoo akiwika, amelala asilale, anaamka. Hakuna kufidia.

Mambo yakaanza kutengemaa. Kisha likaingia doa. Palikuwa na harusi kwa jirani, Jumbe akapewa kikombe cha kahawa magharibi, akaona haya kukataa, akanywa. Akanywa na cha pili. Usiku ule hakufumba jicho. Hasira ya zamani ikamrudia nzima nzima. Akatuma mpiga ngoma aitwe, na ngoma yake.

Semeni aliyasikia asubuhi kutoka kwa Bi Mashavu, akaona safari imeshafika. Lakini Bi Mashavu alikuwa anatabasamu. Akasema mpiga ngoma alifika kweli, akaweka ngoma begani, akainua mkono. Jumbe akautazama ule mkono ulioinuliwa muda mrefu sana, kisha akamuuliza kama mkono wa Kibwana umeunga. Mpiga ngoma akasema bado. Jumbe akamwambia arudi nyumbani akalale. Mwenyewe akakaa kwenye kigoda mpaka jogoo akawika, akachukua jembe, akaenda shambani macho yakimuwasha.

Semeni aliposikia hayo, alirudi kwake akafunga mizigo hata hivyo. Mwezi ulikuwa umebaki ukucha tu.

Siku zikaisha kama mafuta ya taa. Ikafika siku ya mwisho kabla mwezi haujaandama. Alasiri, baraza limekaa, mzee mmoja anaeleza habari za mpaka wa migomba. Na Jumbe Mbwego, mbele ya watu wote, akafungua kinywa, kikafunguka, kikaendelea kufunguka, akapiga mwayo.

Mwayo! Mwayo wa kweli, wenye machozi pembeni! Mzee akaacha mpaka wake njiani. Watu wakatazamana. Mmoja akatoka nje akamwambia wa pili, wa pili akakimbia kwa wa tatu, na kabla jua halijagusa kilima mji mzima unajua: Jumbe amepiga mwayo. Mhunzi akazima moto wake. Watwangaji wa mpunga wakaweka michi chini. Kina mama wakawapa watoto maziwa kabla hawajalia. Mbwa wakafungwa midomo kwa mafupa. Vijana wakaja mbio kwa Semeni kumwambia wanakusanya majogoo wote wawapeleke ng'ambo ya mto, wasije wakamwamsha Jumbe.

Semeni akawakataza. Akasema jogoo waachwe, kwa sababu mgeni huyu hurudi kwa mtu anayeamka saa zake. Wakiiba asubuhi, wataharibu na jioni. Vijana walimwona ana wazimu, maana mizigo yake ilikuwa pale mlangoni imefungwa. Lakini walitii.

Jioni, Jumbe alikula mapema. Alikaa kizingitini na mkewe, akaanza kusema ya kesho: mpaka wa migomba, paa la chuo, na Kibwana. Alipofika kwa Kibwana akasema neno nusu. Bi Mashavu akangoja nusu nyingine. Haikuja. Akamshika mkono, akamwongoza ndani, akamlaza. Akasikiliza.

Kwemvule yote ilisikiliza.

Kisha kutoka nyumba ya Jumbe ikatoka sauti. Kwanza nyembamba. Halafu nene. Halafu kama gogo linaburutwa kwenye kokoto. Jumbe anakoroma! Watu walikumbatiana vizingitini bila sauti, wakaruka bila kutua kwa kishindo, wakaingia ndani wakalala na wao.

Jogoo akawika. Jumbe Mbwego akafumbua macho. Akatazama dari, akatazama mikono yake: haitetemeki. Akakaa kitandani akacheka, akamwamsha Bi Mashavu kwa kicheko. Kichwa kilikuwa chepesi, dunia imeoshwa. Hakungoja uji. Alitoka vile vile, akateremka njia ya kwenda kwa Semeni, na nyuma yake watu wakaanza kutoka majumbani, kumi, hamsini, mji mzima, mpiga ngoma na ngoma yake, tayari kwa vigelegele.

Kibwana alikuwa mlangoni, mkono kwenye gango, amesimama kati ya ile mizigo. Alipomwona Jumbe akaweka kidole mdomoni.

Jumbe akamuuliza Semeni yuko wapi.

"Amelala," akasema Kibwana, kwa kunong'ona. "Hajalala hivi tangu mwezi uliopita. Nimwamshe?"

Jumbe akageuka akawatazama watu. Akainua mkono, na mpiga ngoma akashusha vijiti. Kisha Jumbe wa Kwemvule, mwenye kiti na fimbo, akasogeza mizigo ya Semeni pembeni, akakaa chini kwenye vumbi la kizingiti chake.

"Mwache alale," akasema. "Nimekuja kumpa shamba la mtoni na kumwomba radhi. Nitangoja."

Akangoja. Na mji mzima ukakaa chini ukangoja naye, kimya, jua likipanda, mpaka mwenyewe alipoamka kwa wakati wake.

Kisa kimechoka, nami nimekilaza.

*Kilale salama!*

Kama ni kitamu, nendeni nacho mkakilalie. Kama ni kichungu, kiacheni hapa mlangoni kwangu, nitakikuta asubuhi.